Pete Ndani ya Kimya

Tik.

Gizani, mlio mdogo hauna wa kuuzuia. Mama Chembe aliuhisi kwanza shingoni, masikio yakafuata: tik, kama ukucha uliogusa mdomo wa bilauri, huko upande wa spika. Taa ilikuwa imezimwa kwa kanuni ya kikao. Mablanketi yalining'inia madirishani. Ilikuwa saa moja ya jioni, Jumamosi, na watu wazima watano walikaa sebuleni pale bila hata mmoja kukohoa. Yeye alikuwa amempakata binti yake wa miaka mitano, aliyeitwa Chembe kwa udogo aliozaliwa nao.

Tik, tik.

Kisha kinanda kikarudi kutoka mbali, ngoma zikaingia, gitaa likapanda juu yake, na ule mlio ukamezwa. Hakuna aliyesema neno mpaka santuri ilipokwisha, na mumewe, Fundi, akainua sindano na kuwasha taa.

"Mmesikia?" akauliza Mzee wa Redio. Aliongea kama mtu aliyeona mwezi ukishuka kuja kunywa maji.

"Nimesikia," akasema Mwalimu. "Mara saba."

"Wewe hata mvua ukiisikiliza utaikuta saba," akasema Dereva.

Mwalimu alifundisha hesabu sekondari, na kundi la muziki la santuri ile alilipenda kwa sababu ngoma zake zilihesabu saba pale ambapo dunia nzima inahesabu nne. Dereva aliendesha lori la safari ndefu; santuri ile, nakala kongwe kuliko ile ya Fundi iliyochakaa, ndiye aliyeileta wiki hiyo, imefungwa ndani ya koti lake kama mtoto mchanga. Mzee wa Redio alitunza maktaba ya muziki ya kituo kwa miaka thelathini, mpaka siku walipoamua kuitupa, akastaafu na kanda zake na habari za wanamuziki ambazo hakuna aliyemwomba. Fundi alitengeneza spika na amplifaya. Siku sita sebule yake ilikuwa karakana. Siku ya saba, baada ya kufagia vipande vya nyaya, ilikuwa kikao.

Kundi lenyewe lilikuwa la zamani, la ile roki ndefu ambayo wimbo mmoja unameza upande mzima wa santuri. Jina lao la kigeni lilikuwa gumu kwa ulimi, kwa hiyo wao waliwaita Mnara wa Chumvi, kwa picha ya jaladani: mnara mweupe unaoyeyuka kwa chini, na mtu mdogo amekaa kileleni, hana habari. Upande wa pili ulikuwa na wimbo mmoja tu wa dakika ishirini na tatu. Dakika ya kumi na moja kila kitu kilisimama, ikabaki pumzi ya kinanda tu, nyembamba kama uzi. Sehemu hiyo waliiita Kimya. Baada yake ilikuja ile waliyoiita Kurudi.

Mama Chembe hakuzaliwa na ugonjwa huo wa santuri, aliupata kwa kuolewa. Wenzake waliolewa wakakuta shamba, yeye aliolewa akakuta santuri ishirini na sita na amri ya kutozishika kwa vidole. Mwaka wa kwanza alivumilia. Mwaka wa pili, akiwa na mimba, alijikuta kazini kwa dobi, pasi mkononi na mvuke usoni, anaimba Kurudi chini kwa chini: kola, mabega, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na kinanda kinakuja kutoka mbali kama mtu anayerejea nyumbani na taa. Mtoto tumboni akapiga teke palepale. Tangu siku hiyo hakuhitaji kushawishiwa. Alikaa vikaoni kwa haki yake, si kama mwenye kuleta chai, ingawa chai pia alileta.

"Nisikilizeni," akasema Mzee wa Redio. "Mpiga ngoma wao aligombana na wenzake siku ya mwisho ya kurekodi. Wakatoka wote, yeye akabaki gizani. Akaanza kugonga pete yake kwenye bilauri. Kinasa sauti kilikuwa bado kinazunguka. Wenzake waliporudi wakaamuru ifutwe. Ikafutwa. Lakini santuri chache za mwanzo zilikwisha kuchapwa, zikatoka nayo. Niliisoma habari hiyo kabla wewe Dereva hujaota ndevu. Watu wamezeeka wanaitafuta."

"Kwa hiyo ule mlio," akasema Fundi polepole.

"Ni pete," akasema Mzee.

Chembe, ambaye wote walidhani amelala, akatoa kidole mdomoni. "Ni pete ya baba."

Wakacheka. Mafundi wa umeme hawavai pete. Ya Fundi, ya ndoa, ilikaa kabatini ndani ya kopo la vifungo.

"Baba yako ana pete gani, mama?" akauliza Dereva.

"Ile ya juu."

"Juu wapi?"

Chembe akaonyesha darini.

Mzee wa Redio akatikisa kichwa, macho yamemlowa kidogo. "Mtoto ameona. Mpiga ngoma mwenyewe ni marehemu sasa. Huko juu ndiko aliko."

Sasa, pete ya juu ilikuwepo kweli, na Chembe alikuwa ameiona kwa macho yake.

Umeme wa mtaa ule ulikatwa kila Jumamosi, saa tisa mchana mpaka saa tatu usiku, kwa ratiba. Vikao viliendeshwa kwa jenereta, na jenereta ndilo lilikuwa adui wa Kimya. Lilipokaa uani lilinguruma kama fahali mwenye mafua, na jirani alikwisha kuja mara mbili kusema ana mgonjwa ndani. Fundi hakumjibu vibaya. Alipima, akachora, na asubuhi ya Jumamosi ileile akalihamishia stoo ya nyuma, iliyopakana ukuta na sebule. Akalijengea sanduku la mbao, akalivalisha sponji ya godoro ndani, akaliachia tundu la kuvuta hewa. Moshi akautafutia njia: bomba la chuma lililopanda kutoka stoo, likapita juu ya dari ya sebule, likatokea nje chini ya paa. Bomba moja halikufika. Akaunga mawili, akayakaza kwa pete ya chuma.

Chembe alikuwa amesimama chini ya ngazi. "Hiyo nini, baba?"

"Pete."

"Ya nani?"

"Ya mabomba. Leo yanafunga ndoa."

Chembe aliipenda habari hiyo. Mama yake alikuwa kazini, hakuisikia.

Jumapili asubuhi Chembe aliamka analia kichwa, akatapika kwenye mkeka. Mama yake naye kichwa kilimgonga, lakini yeye ni mtu wa pasi na mvuke. Kichwa kumuuma si habari. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa anakimbia na kuku wa jirani. Wakasahau.

Jumamosi ya pili mlio ukaja tena, palepale, ndani ya Kimya. Jumapili yake Chembe hakutapika tu. Alipojaribu kwenda mlangoni alitembea akishika ukuta kama bibi kizee, akakaa chini katikati ya njia, akamwangalia mama yake kama anayemwangalia mtu wa mbali.

Jumatatu Mama Chembe aliomba ruhusa kwa dobi, akamfunga mtoto mgongoni ingawa miguu ilikuwa inaning'inia, akaenda zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtoboa mtoto kidole, akasubiri kipimo, akauliza maswali.

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Gesi, dada. Tena uani."

"Hamuingizi jiko la mkaa ndani, kwa baridi hii?"

"Hapana."

"Nauliza kwa sababu moto ukibanwa, ukikosa hewa, unatoa sumu. Haina rangi, haina harufu ya kukuamsha. Mtu anasinzia, watu wanasema kapata usingizi mzuri, kumbe ndiyo safari."

"Hatuna jiko ndani."

"Basi tushukuru. Malaria hana. Mpe maji, apumzike." Akavua miwani. "Ila ikimrudia mara ya tatu, usiniletee mimi. Mpeleke hospitali kubwa wampige picha ya kichwa."

Picha ya kichwa. Maneno hayo alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyebebeshwa kikapu cha mayai. Kila hatua alihofia yatamwangukia. Usiku alipitisha vidole kwenye nywele za mtoto, anatafuta uvimbe, anatafuta hata hajui nini. Aliulizwa ya jikoni, akajibu kweli tupu. Ya stoo hakuulizwa. Nyumba ya fundi hainuki kitu kimoja: risasi ya kuchomelea, petroli, gundi, vumbi la spika kuukuu. Jenereta lilikuwa ndani ya sanduku, halisikiki, na kitu kisichosikika katika nyumba ile kilihesabiwa kuwa hakipo.

Jumatano umeme ulikuwepo. Fundi akaiweka santuri kwa ajili yake mwenyewe, mkewe anakunja nguo. Kimya kikaja. Kinanda kikavuta pumzi yake ndefu. Kikapita. Kurudi kukaingia.

"Mbona leo haikugonga?" akauliza mkewe.

"Sindano imechoka."

Akabadilisha sindano. Akarudia. Kimya kilikuwa cheupe, hakina hata doa.

"Labda tulisikia tulichotaka," akasema mkewe.

"Watu watano?"

Mzee wa Redio alipoelezwa kwa simu hakushangaa hata kidogo. "Mambo kama hayo yanataka jamaa," akasema. "Hata mzimu hauji kwa mtu mmoja anayekunja soksi."

Alhamisi jibu likafika. Mwalimu alikuwa amewaandikia wapenzi wenzao wa ng'ambo, wanaotoa jarida la kundi lile, akawaeleza yote pamoja na hesabu ya saba. Wakajibu kwa heshima kubwa: kama kweli mnayo santuri hiyo, inaseni sauti mtutumie, dunia nzima ya wapenzi iisikilize. Mwalimu alisoma ujumbe ule kwa sauti barabarani, mbele ya karakana, na Fundi akasahau bisibisi ndani ya redio ya mtu.

Ijumaa jioni Mama Chembe alisema lililokuwa limemkaa. "Baba Chembe, Jumamosi hii tuache. Mtoto ananitia wasiwasi. Ikimrudia tena ni hospitali kubwa."

"Mtoto ataumwa na muziki?"

"Sijasema muziki. Sijui ni nini. Naona tu inakuja siku hiyohiyo."

Fundi hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alichukua mkono wake wenye alama za pasi, akaushika. "Miaka yote natengeneza sauti za watu wengine. Mtu analeta spika imekufa, naifufua, anaondoka nayo, hata jina langu halijui. Hii moja, mke wangu, ni yetu. Imetoka kwenye chumba hiki. Nipe kesho tu. Jumapili kukicha nambeba mwenyewe mpaka hospitali, hata akiamka mzima."

Akamwonea huruma, akakubali. Alitaka kumpeleka mtoto kwa jirani, lakini kwa jirani kulikuwa na mgonjwa. Basi Chembe angekaa naye, mapajani, macho ya mama yakiwa juu yake. Alidhani hapo ndipo pa salama kuliko pote.

Jumamosi mvua ilianza saa kumi. Fundi aliongeza tabaka la pili la sponji kwenye sanduku. Tundu la hewa lilikuwa linapiga mluzi, akaliziba nusu kwa kitambaa. Mlango wa stoo wa kutokea uani ulikuwa unaingiza matone, akaufunga. Godoro la Chembe likasimamishwa dirishani, blanketi zito likapigiliwa mlangoni.

"Tumefungiwa kama samaki wa kopo," akasema Dereva.

"Bora samaki kuliko yule jirani," akasema Mwalimu. "Juzi ananiuliza, hiyo kelele yenu inaisha lini."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema Dereva, wakacheka wote, na Mama Chembe naye akacheka.

Mzee wa Redio aliweka kinasa sauti chake juu ya kigoda, akakisogeza, akakirudisha, kama anayelaza mtoto. "Tutapiga mara mbili. Ya kwanza ya kupima, ya pili ya kunasa. Nikibonyeza hiki kitufe chekundu, hata mbu akikuuma, mwache ashibe. Ukizungumza umeua kanda."

Taa ikazimwa. Mnara ukaanza kupanda.

Mara ya kwanza mlio ulikuja kwa nguvu kuliko siku zote. Tik. Tik, tik. Gizani Mwalimu alisikika akigonga goti kwa kidole, akihesabu, halafu kidole kikachelewa, kikasimama. Santuri ilipokwisha hakuna aliyewasha taa.

"Leo unanichukua," akasema Dereva kwa sauti nzito. "Kichwa huku, miguu kule."

"Ndiyo kazi yake," akasema Mzee. "Hivyo ndivyo walivyotaka tuusikie. Sisi tulikuwa tunasikiliza kwa masikio tu."

"Mimi naona kama sakafu inapumua," akasema Mwalimu, akacheka peke yake, taratibu, kama anayeota.

"Nyamazeni. Nanasa," akasema Mzee.

Taa ndogo nyekundu ikawaka juu ya kigoda. Sindano ikashuka.

Mama Chembe aliegemea ukuta. Kichwa kilikuwa kinagonga pande zote mbili, na kila pigo lilikuja na uzito uliomshukia mabegani. Si ubaya huu, alijiambia, ni utamu. Wote wamesema hivyo. Wimbo ulikuwa unapita kama maji ya uvuguvugu, na yeye alitaka kulala ndani yake. Chembe alikuwa amelala mapajani, joto, mzito. Mzito mno kwa mtoto aliyeitwa chembe.

Kimya kikaja.

Tik.

Aliusikiliza. Na kwa kuwa hakuna kingine cha kusikiliza, fikra zikaja mojamoja, polepole, kama nguo zinazoshushwa kambani. Jumatano kulikuwa na umeme, mlio haukuwepo. Sindano mpya, mlio haukuwepo. Unakuja Jumamosi tu.

Tik, tik.

Jumamosi kuna nini ambacho Jumatano hakipo? Jamaa, alisema Mzee. Jamaa, na jenereta.

Ni pete ya baba. Ile ya juu.

Akainua uso gizani. Mlio haukuwa kwenye spika. Ulikuwa darini, juu ya spika, pale bomba linapopita. Pete ya bomba. Imelegea, inagonga chuma kila jenereta linapotikisika, na palipolegea pete ndipo moshi unapotokea. Jiko lililobanwa. Haina harufu ya kukuamsha. Watu wanasema kapata usingizi mzuri.

Alielewa yote, na bado hakuinuka. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko mengine: kwamba alikaa, pengine kwa pumzi tano, pengine kumi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Hii moja ni yetu, alisema mumewe. Atamwaibisha mbele ya wenzake kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na kama amekosea je, na mwili ulikuwa hautaki, mwili ulikuwa unasema ngoja kwanza Kurudi kuingie, ngoja usikie taa ikija. Sikio la kufa halisikii dawa. Akatambua kwamba sikio lililosemwa halikuwa la jirani.

"Chembe," akanong'ona.

Hakuna kitu. Akamfinya pajani, akamfinya kwa nguvu, jinsi ambavyo hajawahi kumfinya. Mtoto hakujikunja.

Alijaribu kusimama, miguu ikawa ya mtu mwingine. Basi akatambaa, mkono mmoja umemkumbatia mtoto, mwingine unapapasa sakafu, kigoda, waya, meza. Akaupata mkono wa mashine ya santuri. Akausukuma.

Sindano ilichana santuri kutoka katikati mpaka ukingoni kwa mlio wa kitambaa kinachopasuka.

"Nani huyo?" Fundi aliuliza, ulimi mzito.

"Ni mimi."

"Umeua kanda, mama Chembe."

"Nyamaza usikilize. Santuri imesimama."

Wakanyamaza. Mvua ilikuwa mbali, nyuma ya godoro.

Tik. Tik, tik.

Mwalimu hakuhesabu. Mzee wa Redio hakusema kitu kabisa. Na Fundi, mtu aliyeweza kusimama upande wa pili wa barabara akakwambia ni skrubu ipi ya spika yako imelegea, akasikiliza nyumba yake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu alipoiziba.

"Pete," akasema.

"Ya bomba," akasema mkewe. "Moshi, baba Chembe. Mtoto haamki."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama ya ndotoni, yaani haraka na polepole kwa pamoja. Fundi alijitupa kwenye blanketi la mlangoni, likang'oka na misumari yake. Komeo lilimchezea vidole. Mlango ulipofunguka baridi iliingia kama kofi. Dereva alisimama, akaanguka magotini, akasimama tena, akamshika Mwalimu ukosi wa shati na kumburuta kizingitini. Mzee wa Redio alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, kichwa kifuani, mkono juu ya kitufe chekundu. Fundi alimbeba begani kama spika kubwa, akamlaza uani kwenye matope. Mtu mwingine alikuwa amefika na tochi na mwavuli: jirani. Hakuuliza kelele zinaisha lini. Alitupa mwavuli, akapiga magoti, akamlegeza Mzee shati, akaanza kumpiga makofi madogo shavuni akimwita "baba, baba, amka baba," mpaka Mzee akakohoa na kumtukana, na jirani akasema asante.

"Jenereta," akasema Fundi.

"Usivute pumzi ndani," mkewe akamwambia. "Fungua mlango kwanza, usimame nje, mpaka upepo upite."

Akazunguka nyumba mbio, akiteleza. Wakasikia mlango wa stoo ukigonga ukuta. Kimya. Halafu mngurumo mdogo ambao hakuna aliyejua kwamba ulikuwa bado unasikika ukafa, na usiku ukawa mpana ghafla.

Mama Chembe alikuwa amekaa kwenye ngazi, mvua inamshukia, mtoto ameelekezwa uso juu. Midomo ya Chembe ilikuwa na wekundu wa ajabu, kama aliyekula ubuyu wa rangi. Alimfuta maji machoni. Alimpulizia. Alimwita kwa jina la utani, kisha kwa jina la cheti, kisha kwa majina ambayo mama humpa mtoto kabla hajampa jina. Jirani alisema gari la mwanawe liko barabarani, twende hospitali, twende sasa hivi. Dereva, bado anayumba, alisema ataendesha yeye, na wote wakasema hapana kwa pamoja.

Fundi alirudi, akasimama mbele yao, mikono inaning'inia. Hakuthubutu kumgusa mtoto. Kutoka chini ya paa, kwenye bomba lililoanza kupoa, ule mlio ulikuwa unakuja bado, lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayesahau alichotaka kusema.

Tik.

Mama Chembe akaweka sikio kifuani pa mwanawe. Ndani yake mlikuwa na kitu kinagonga pia, kidogo, kwa haraka, bila kupumzika. Akakihesabu. Akapita saba, akaendelea.

Tik.

Kifua kikapanda. Mtoto akakohoa, akatapika mkononi mwa mama yake, na mama yake akashukuru matapishi yale kuliko alivyowahi kushukuru chochote. Chembe akafungua macho. Akaangalia mvua, akamwangalia baba yake, akainua uso kuelekea paa na kutega sikio kwa muda, kama walivyomfundisha kusikiliza.

"Mama," akasema, "haigongi tena."